Nimeacha Kuuliza Beki Yupi Bora

Walionifahamu Tanga, enzi nikikaa jukwaani Mkwakwani kuishangilia Coastal Union, wataona ajabu kusikia kwamba siku hizi usiku wangu mwingi unaishia kwenye hoki ya barafuni. Wataona ajabu zaidi nikiwaambia kwamba simfuati mfungaji. Nafuata mabeki, tena mabeki vijana, wale ambao kocha bado anaandika majina yao kwa penseli.

Ushuhuda wenyewe ni huu: mabeki chipukizi wa Ottawa Senators wamenibadilisha namna ninavyompima kijana. Nilikuwa mtu wa swali moja, nani zaidi ya nani? Ukiniwekea vijana wawili, wa mpira au wa kazi, sikuwa na raha mpaka niwapange mmoja juu na mwingine chini. Swali hilo nimeliacha, na nataka kueleza lilivyonitoka.

Nilifika Ottawa na mpira wa miguu kichwani, nikapata kazi zamu ya usiku kwenye ghala la vyakula. Mji huu huwezi kuishi ukaikwepa hoki. Mfereji wa Rideau ukiganda sawasawa hugeuka njia ya kutelezea yenye urefu wa kilomita 7.8, na asubuhi utamkuta mtu mzima na mkoba wake begani anateleza kwenda ofisini. Msimu wa 2022–23 barafu haikushika, njia haikufunguliwa hata siku moja, na watu wakawa wananuniana madukani.

Kantini yetu ilikuwa na televisheni na ubao mweupe. Ubao ulikuwa wa ratiba ya zamu, lakini kona ya chini kulia palichorwa visanduku sita, vitatu kushoto na vitatu kulia, na ndani yake majina. Aliyevichora alikuwa fundi wa mashine, mzee mzaliwa wa hapa hapa, na ungeweza kufuta ratiba nzima ya wiki lakini usiguse kona ile. Mbele yake watu walibishana mpaka kengele ya kurudi kazini inalia.

Kwa asiyeujua mchezo: timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huingia kwenye mechi na wachezaji 20, yaani makipa 2, washambuliaji 12 na mabeki 6. Mabeki hawakai wote barafuni kwa pamoja. Huingia wawili wawili, wakacheza kwa muda usiofika dakika moja, wakatoka wanahema, wakaingia wengine. Jozi ya kwanza ndiyo hupewa washambuliaji wakali wa upinzani, na hucheza dakika 22 hadi 25 kati ya 60. Jozi ya tatu huchungwa. Hupewa dakika 12 au 15, dhidi ya wachezaji wa kawaida, mbali na hatari kama kocha ana nafasi ya kuchagua. Chati ya kikosi inaonyesha nani yuko jozi gani na upande gani, na chini yake nani anasubiri Belleville, mji mdogo wa mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari, ambako timu ya pili ya Senators imekaa tangu 2017.

Nilipoanza kuusoma ubao ule timu ilikuwa hoi. Mwaka 2017 Senators walifika fainali ya Kanda ya Mashariki, wakatolewa na Pittsburgh katika mechi ya saba, muda wa nyongeza wa pili. Baada ya hapo wakubwa wakaamua kubomoa wajenge upya. Septemba 2018 Erik Karlsson, nahodha na mmoja wa mabeki hodari kabisa wa zama zake, akapelekwa San Jose. Februari 2019 mshambuliaji Mark Stone akapelekwa Vegas. Mtu pekee mzito aliyebaki nyuma alikuwa Thomas Chabot, na wakamfunga kwa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 64. Waliobaki walikuwa watoto na ahadi.

Ahadi kubwa kuliko zote iliitwa Erik Brännström. Msweden, chaguo la 15 katika drafti ya 2017, yaani ule mgawo ambao timu huchagua vijana kwa zamu, mwepesi, mwenye macho ya pasi, kimo chake futi 5 na inchi 10. Ndiye aliyekuwa kitovu cha kile Ottawa ilichopata kwa kumtoa Stone. Hapo ndipo mkosi wake ulipoanza, maana tangu siku hiyo hakupimwa tena kama beki wa miaka 19. Alipimwa kama bei. Stone akifunga Vegas, kantini yetu Ottawa inamlaani Brännström. Mwaka 2023 Stone, sasa akiwa nahodha, alifunga mabao matatu katika mechi ya mwisho ya fainali na kunyanyua Kombe la Stanley. Usiku ule kuna mtu alilifuta jina la Brännström ubaoni kwa kiganja, na mzee fundi akalirudisha bila kusema neno.

Ahadi ya pili ilikuja 2020. Ottawa walikuwa na machaguo mawili ya juu mwaka ule. La tatu, lililotokana na mauzo ya Karlsson, walimchukua Tim Stützle, mshambuliaji wa Kijerumani. La tano walimchukua Jake Sanderson, beki wa Kimarekani, mtoto wa Geoff Sanderson aliyefunga mabao zaidi ya 350 katika NHL. Huyu naye hakuletwa mara moja. Alikaa misimu miwili chuoni North Dakota, akaingia kikosini mwaka 2022.

Sasa una mabeki wawili vijana, wote wa kushoto, mmoja kaingia na jina la mtu mwingine mgongoni, mwingine kaingia na jina la baba. Kantini haikuhitaji zaidi ya hapo. Kila usiku ni yuleyule mjadala: Sanderson au Brännström? Na mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikisoma pointi kwenye simu na kuzitangaza. Mabao na pasi za mabao, basi. Ndivyo nilivyozoea tangu Tanga, ambako beki anayefunga kwa kichwa anasamehewa mengine yote.

Aliyenigeuza ni mwenzangu wa zamu, kaka mmoja wa Uvira. Alikuwa na mtoto wa kiume anayecheza hoki ya mtaani, na kwa jinsi vifaa vya mchezo ule vilivyo ghali nadhani aliamua kwamba hela ikishatoka lazima na yeye aelewe inakwenda wapi. Usiku mmoja Senators walikuwa ugenini, tuko mapumzikoni, chai mkononi, mimi nashangilia chenga ya Stützle. Akagonga meza.

"Grand, weye unaangalia kisahani tu. Wacha kisahani. Angalia huyu namba 85. Angalia shingo yake."

Namba 85 ni Sanderson. Wapinzani walikuwa wameurusha mchezo nyuma, yaani wamekipiga kile kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, mpaka kona ya upande wa Ottawa, kisha wakakikimbilia. Beki hapo anageuka, anaenda konani amewapa mgongo watu wote, na nyuma yake kuna mwanamume wa kilo 90 na ushei anayekuja kwa kasi kumbandika ukutani. Sanderson alipokuwa bado hatua kadhaa kabla ya kukifikia, aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto. Mara mbili, haraka, kama mtu anayevuka barabara ya Chalinze. Kisha nyonga ikaonyesha kushoto. Yule anayemfukuza akaamini, akakata njia upande huo. Sanderson akaenda kulia, na kisahani kilikuwa tayari kimeshapita nyuma ya goli kwa beki mwenzake, kikatoka. Hakuna aliyepiga makofi. Mtangazaji hakutamka hata jina lake.

"Umeona?"

"Nimeona pasi."

"Pasi ni mwisho, grand. Kazi ilikuwa ile shingo."

Tangu pale nikawa naangalia shingo. Na ukianza kuangalia shingo utaanza kuona mambo mengine ambayo hayaandikwi popote kwenye simu. Nafasi, kwa mfano. Mshambuliaji anakuja na kisahani, beki anarudi kinyumenyume, uso kwa uso. Akiacha nafasi kubwa mno kati yao, mshambuliaji anaingia eneo la hatari anavyotaka na kupiga. Akimkaribia mno anapitwa, na nyuma yake kumebaki kipa peke yake. Sanderson hukaa pale pale urefu wa gongo, gongo lenyewe kalinyoosha chini mbele yake, akimsukuma mtu kidogo kidogo kuelekea ukutani bila kumgusa, na mshambuliaji akifika kwenye mstari wa buluu, mlango wa eneo la ulinzi, anakuta hana pa kwenda. Anaurusha mchezo nyuma, na tunarudi kwenye shingo. Hayo yote yametokea katika muda wa kupiga chafya, na kwenye takwimu hayapo.

Nikawageukia wengine kwa jicho hilo hilo, na hapo swali langu la nani zaidi likaanza kupungua nguvu.

Brännström, kwanza. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba hafai. Nilipomwangalia bila kisahani niliona kijana ambaye shingo yake ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Alijua mtu yuko wapi. Alitoa kisahani nyuma kwa pasi safi ambayo wenzake wenye miili mikubwa hawakuwa nayo. Tabu yake ilikuwa mbele ya goli. Pale wanaume wanasukumana kama wanagombea daladala, na yeye alikuwa anasukumwa tu, hata akiwa amesimama mahali sahihi. Simtetei kupita kiasi: beki wa mwili ule lazima awe na kitu kingine cha ziada, mabao au pasi za kuua, na hakuwa navyo kwa wingi wa kutosha. Lakini tazama pia alivyotumika. Jozi ya tatu, dakika chache, mwenza anabadilika kila mara, na upande wa kushoto juu yake wamekaa Chabot na Sanderson, ambao hakuna kocha angewatoa. Alicheza zaidi ya mechi 250 akiwa na Ottawa. Kiangazi cha 2024 hawakumpa hata ile ofa ya kulinda haki zao juu yake. Ndani ya msimu mmoja jina lake likapitia Colorado, Vancouver, New York na Buffalo, kisha akaenda zake Uswisi.

Kantini iliamua kwamba hiyo ilikuwa hukumu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza kantini. Nilichokiona ni beki mzuri wa jozi ya tatu aliyetakiwa kulipia mshambuliaji wa kiwango cha juu duniani. Hakuna kijana wa miaka 19 anayelipa deni la namna hiyo, awe na kimo gani.

Kuna jambo la mikono pia, ambalo sikulijua kabisa. Mchezaji wa hoki hushika gongo ama kushoto ama kulia, na haibadiliki. Beki wa upande wa kulia anayeshika kulia anapokea pasi ya ukutani uso umeelekea uwanjani. Anayeshika kushoto akiwekwa upande huo anaipokea mgongo umegeuka nusu, na hiyo nusu ndiyo inayompa adui sekunde yake. Na mabeki wanaoshika kulia ni adimu. Kwa hiyo kijana wa kawaida mwenye mkono wa kulia anaweza kupata ajira ambayo fundi wa kushoto ananyimwa, kwa sababu tu mlango wa kushoto umejaa watu. Kuwaweka Sanderson na Artem Zub kwenye ngazi moja, mmoja kushoto na mwingine kulia, ni kulinganisha watu wasiogombea kiti kimoja. Zub ni Mrusi aliyepita nje ya drafti kabisa, akasajiliwa 2020 akiwa mtu mzima tayari, na bado aliwapita vijana wote wa mkono wake.

Ottawa wenyewe walililipia somo hilo. Machi 2023 walimleta Jakob Chychrun kutoka Arizona, beki mwenye shuti kali. Wa kushoto. Kwa hiyo wakawa na Chabot, Sanderson na Chychrun, watatu wa jozi mbili za juu kwa upande mmoja. Julai 2024 wakampeleka Washington wakamchukua Nick Jensen, mkubwa zaidi kwa umri, asiye na shuti la Chychrun, lakini wa kulia. Msimu uliofuata Chychrun alifunga mabao 20 huko Washington. Mashabiki wakashika vichwa. Lakini msimu huohuo, 2024–25, Ottawa walirudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017. Mambo mawili yote ni kweli, na ukiwa na ngazi moja tu kichwani huna pa kuyaweka.

Mfano ninaoupenda ni ule wa vijana watatu wa North Dakota. Sanderson, Jacob Bernard-Docker na Tyler Kleven walipita chuo kimoja, walikuwa timu moja, wakafika Ottawa kwa kupishana. Kama ngazi ingekuwa inafanya kazi, hapa ndipo ingefanya: malezi yale yale, kocha yule yule. Bernard-Docker ni chaguo la 26 la 2018, mtu wa mkono wa kulia, mtaratibu, ambaye usiku akicheza vizuri humkumbuki. Kleven ni chaguo la 44 la 2020, futi 6 na inchi 4, na usiku akicheza vizuri kuna mshambuliaji wa timu nyingine anamkumbuka wiki nzima. Kwenye drafti wa kwanza alikuwa mbele ya wa pili kwa machaguo 18. Msimu wa 2023–24 Bernard-Docker alikuwa akicheza mara kwa mara timu ya kwanza, na Kleven alitumia sehemu kubwa ya mwaka Belleville akijifunza lini asiende kumpiga mtu. Msimu uliofuata Kleven akacheza mechi 79 NHL, na Machi 2025 Bernard-Docker akawekwa ndani ya biashara ya kubadilishana Josh Norris na Dylan Cozens, akaenda Buffalo, kisha Detroit.

Nani zaidi? Ukiuliza Septemba 2023 ni huyu, ukiuliza Aprili 2025 ni yule. Mimi naona waliulizwa maswali mawili tofauti. Timu ilikuwa imeshapata mikono ya kulia yenye uzoefu, na haikuwa na mtu wa kuwatisha watu mbele ya goli.

Na Lassi Thomson? Mfini, wa kulia, chaguo la 19 la 2019, kwa hiyo juu ya Bernard-Docker na juu ya Kleven. Oktoba 2023 Ottawa walitaka kumrudisha Belleville. Mchezaji akishafikia kiwango fulani cha miaka au mechi, huwezi kumshusha kimyakimya. Unamweka wazi kwa saa 24, na timu yoyote inaweza kumnyakua bure. Anaheim walimnyakua. Muda mfupi baadaye nao wakamweka wazi, Ottawa wakamrudisha. Akaenda Sweden. Kiangazi cha 2025 akasaini tena Ottawa. Jaribu kumweka huyo kwenye ngazi uone kama atatulia.

Sanderson mwenyewe, nakiri, angefaulu kwenye ngazi yoyote. Septemba 2023, baada ya msimu mmoja tu, walimpa miaka minane kwa dola milioni 64.4. Februari 2025 aliitwa timu ya Marekani kwenye mashindano ya mataifa manne kuchukua nafasi ya Quinn Hughes aliyeumia, akafunga kwenye fainali dhidi ya Kanada, ingawa Kanada walishinda. Tarehe 26 Aprili, kwenye mtoano, Ottawa wakiwa nyuma mechi 3–0 dhidi ya Toronto, alipiga kutoka mbali kwenye muda wa nyongeza, kisahani kikapita kwenye msitu wa miguu, na jirani zangu wa ghorofa nzima wakapiga kelele. Pointi zake msimu ule zilifika 57. Sasa kila mtu anamjua, na wanamjua kwa bao lile. Lakini sehemu kubwa ya pointi hizo ilitokana na kukabidhiwa kikosi cha kwanza cha kushambulia wapinzani wakiwa pungufu. Mpe beki mwingine mzuri kazi hiyo na pointi zake zitapanda. Kilichomfanya aaminiwe tangu mwanzo ni ile shingo.

Nimesema ushuhuda, kwa hiyo niseme kilichobadilika nje ya televisheni.

Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa zamu. Fomu ya kumpima mfanyakazi mpya ina safu ya kasi: maboksi mangapi kwa saa. Fomu hiyo siwezi kuifuta, imetoka juu. Lakini pembeni huwa naandika kwa kalamu mambo mawili, alipangwa na nani, na saa ngapi za zamu. Kuna kijana ambaye maboksi yake yalikuwa machache kuliko ya wenzake wote. Alikuwa amepangwa na dereva wa foklifti anayeacha mizigo katikati ya njia, na kabla ya kuhesabu chochote kijana alikuwa anasafisha njia. Nikambadilishia mwenza. Maboksi yakapanda. Kilichonivutia zaidi ni kwamba njia ya yule dereva ikaanza kuziba, na wote wakagundua kazi ambayo ilikuwa ikifanywa bila kuandikwa.

Binti yangu naye anacheza beki, timu ya wasichana ya mtaani. Zamani akitoka uwanjani swali langu la kwanza lilikuwa kama amefunga. Sasa nauliza alicheza na nani upande wa pili. Mwanzoni alinishangaa. Siku hizi anaanza kujibu hata kabla sijauliza, na maelezo yake ni marefu, yana lawama na yana sifa, na mara nyingi sifa zinamwendea mwenzake. Mama yake anasema nimemharibu mtoto, anaongea hoki mpaka kwenye wali.

Na kuna shemeji yangu Tanga, Yanga damu, ambaye kwenye simu hakomi kuniuliza nani zaidi kati ya Dickson Job na Ibrahim Bacca. Job mfupi kwa beki wa kati, anasoma mchezo. Bacca mwili, ana kichwa. Nilikuwa nikimjibu haraka haraka, tena kwa ubishi, maana mtu wa Coastal hawezi kukosa la kusema kuhusu Yanga. Sasa namwambia shemeji, hao umewaona mara ngapi mmoja bila mwenzake? Hukasirika, anasema Kanada imeniingiza baridi mpaka kwenye akili. Lakini mara ya mwisho alinipigia mwenyewe kuniambia Job alikuwa anapiga kelele kumpanga Bacca dakika zote 90. Alikuwa ameacha kuangalia mpira.

Naandika haya msimu wa 2025–26 ukiwa mlangoni, na ubao wa kantini umeshachorwa upya. Visanduku vya kushoto havina ubishi: Chabot, Sanderson, Kleven. Kulia ndiko kwenye moto. Zub na Jensen umri unasonga. Juni 2025 walimleta Jordan Spence kutoka Los Angeles, mzaliwa wa Australia mwenye mama Mjapani, mdogo wa mwili na mwepesi wa pasi, na nimeshasikia watu wakimwita Brännström wa pili kabla hajavaa hata jezi. Chini yake wako Carter Yakemchuk, chaguo la 7 la 2024, aliyefunga mabao 30 akiwa beki katika ligi ya vijana, na Logan Hensler, chaguo la 23 la 2025, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye sifa yake ni kuteleza na kuzuia. Wote wawili wa kulia. Vijana wa zamu wameshaanza kunifuata na simu zao, wanataka nichague: Yakemchuk au Hensler?

Yakemchuk atakuja na mabao, na watu watampenda mapema, na watamzomea mapema pia kisahani kikimponyoka kwenye mstari wa buluu. Hensler huenda mtamsahau kwa mwaka mzima au miwili. Watu wa hoki husema beki anahitaji mechi 200 au 300 ndipo umjue. Kwa hiyo wanaotaka jibu langu wanitafute mwaka 2029. Kwa sasa, mechi ya kwanza ikianza, chagueni mmoja wa mabeki hawa, mfuateni zamu zake tatu mfululizo, na kisahani kiacheni kiende kinakokwenda.